Jani la Steringi

Mwezi uliopita nilikabidhi kipaza sauti. Ninyi vijana wa studio mlinifanyia sherehe, mkanivisha kitenge, mkaleta keki yenye picha yangu juu yake, na aliyeikata alianzia puani. Kisha mkaniomba niandike maneno mawili matatu kuhusu miaka yangu ya kutafsiri filamu. Nimekaa hapa Kilema, kibarazani kwa kaka yangu, daftari liko mapajani, na hayo mawili matatu yamegoma kubaki mawili matatu.

Habari za vyeo sitaziandika. Kazi yetu ilikuwa na vyeo viwili tu, aliyeshika kipaza sauti na asiyekishika. Nitaandika jinsi nilivyokishika, na juu ya wiki moja ambayo nusura nikipoteze kwa sababu ya jani.

Nilishuka mjini Moshi mwishoni mwa miaka ya themanini nikiwa na cheti cha kidato cha nne na Kiingereza cha karatasi ya mtihani, yaani kile unachoweza kukijibu lakini huwezi kukiongea. Kazi niliyoipata ni ya kukata tiketi kwenye ukumbi wa video wa Bi Mwanaidi, nyuma ya soko. Msifikirie ukumbi wa maana. Kilikuwa chumba kirefu alichoachiwa na marehemu mumewe, fundi cherehani, na sindano za marehemu zilikuwa bado zinatuchoma nyayo. Kulikuwa na mabenchi, mapazia meusi, televisheni moja juu ya kabati la vyombo, deki ya kanda, na amplifaya iliyonguruma hata ikiwa imezimwa. Bi Mwanaidi mwenyewe alikuwa mama wa Kiislamu wa pale pale mjini. Ukoo wake ulikuwa na Mpare, Mmanyema na Myemeni, na kila upande ulikuwa umemrithisha ukali wake.

Mtafsiri wetu aliitwa Omari. Huyo ndiye mwalimu wangu wa kwanza, na mengi mnayoyafanya leo mbele ya kompyuta ni yake, hata kama hamkuwahi kumwona. Alinifundisha kupunguza sauti ya televisheni mpaka maneno yafifie lakini mabomu yasikike. Alinifundisha kushika kipaza sauti usawa wa kidevu, pumzi isije ikaingia ndani na kuvuma. Alikunywa maji ya uvuguvugu yenye tangawizi, hakugusa soda kabla ya onyesho. Mhusika mkuu kwake alikuwa steringi tu, awe na jina gani kwao, na adui alikuwa adui. "Usitafsiri midomo," alikuwa akiniambia, "tafsiri macho." Ilinichukua miezi mitano kugundua kwamba Omari hakujua Kiingereza hata cha kuombea maji. Watazamaji hawakugundua kamwe, na sidhani kama wangejali.

Fahari yake kubwa ilikuwa kutoitazama kanda kabla ya onyesho. Alisema mtafsiri wa kweli anaiona filamu pamoja na watu wake, anashtuka wanaposhtuka. Na kingine, mtafsiri hasemi "sijui". Chochote utakachoulizwa na watu wa kwenye mabenchi, jibu.

Siku yangu ya kwanza kushika kipaza sauti ilikuja kwa sababu ya kwikwi. Omari alishikwa na kwikwi katikati ya filamu ya ngumi, akanitupia kipaza sauti mlangoni nilipokuwa nimesimama na kitabu cha tiketi. Mbele ya macho yangu watu kumi na wawili walikuwa wanapigana juu ya paa. Nikasema, "Sasa wanapigana." Baada ya muda nikaongeza, "Bado wanapigana." Walicheka mpaka benchi moja likavunjika mguu. Omari naye alicheka na kwikwi ikaisha, akakichukua kipaza sauti chake. Lakini mimi nilikuwa nimeonja, na nilirudi kwenye tiketi zangu moyo ukinidunda kama wa mtu aliyeposwa.

Sasa nije kwenye wiki yenyewe. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini, kila kitu kinafunguliwa. Mjini kila chumba chenye mlango kilikuwa kinageuzwa duka. Jumatatu asubuhi Omari alikuja na begi, akatuaga kwa adabu zote. Upande wa pili wa soko palikuwa pamefunguliwa ukumbi mpya wenye spika mbili ndefu kama mlango, nao walikuwa wamemchukua. Kanda zote za ngumi zilikuwa mali yake, akaondoka nazo. Rafu yetu ilibaki na kanda tatu. Moja ilikuwa ya harusi ya mpwa wa Bi Mwanaidi, moja ya mahubiri, na moja ilikuwa filamu iliyoletwa na baharia mmoja, haijawahi kuonyeshwa. Jalada lake lilikuwa na askari, ndege ya kivita na moto.

Siku hiyo hiyo alikuja mfanyabiashara wa mitumba akipima chumba kwa hatua zake. Alikitaka kiwe stoo ya mabelo yake.

Bi Mwanaidi alinikalisha kwenye benchi la mbele. "Mwanangu Felista, huyu bwana nimemwambia anipe hadi Jumapili. Kipaza sauti hicho hapo. Ukiyajaza mabenchi, chumba kinabaki ukumbi na wewe ndiye mtafsiri. Usipoyajaza, Jumapili anaweka kufuli lake na wewe unarudi kwenu kuchuma kahawa."

"Ni filamu gani nitaonyesha, Bi Mwanaidi?"

"Ya vita hiyo. Au unataka kutafsiri harusi ya mpwa wangu?"

Alhamisi saa nane mchana tulianza. Ilikuwa siku ya soko na watu walikuwapo, wabeba mizigo, madereva, wakulima wa Kahe waliomaliza kuuza nyanya, na akina mama wa ndizi kutoka kwetu Kilema. Benchi la mbele kabisa alikaa Mama Aika, muuza ndizi mwenye sauti ya kengele ya kanisani, ambaye alikuwa hakosi filamu. Kanda sikuwa nimeitazama. Nilifuata fahari ya Omari. Na chini ya jalada, kwa herufi ndogo, palikuwa pameandikwa kwamba filamu hii imetokana na riwaya. Hilo nalo sikulisoma. Vijana wangu, someni jalada lote.

Vita haikuja. Kwa dakika arobaini tulimtazama binti anayegonga mihuri posta katika mji mdogo wa Ulaya, na kijana fundi wa madaraja anayekuja kutuma barua ambazo hana wa kumtumia. Nyuma wakaanza kupiga miluzi. "Dada, bunduki ziko wapi?" Kisha tukafika mtoni. Binti alikuwa ameketi nyasini akimsomea kijana kitabu kwa sauti. Gari la jeshi likapiga honi barabarani, kumbe kijana ameitwa vitani. Binti akaacha kusoma. Kijana akainama, akachuma jani refu la kijani kando ya maji, akalifunga fundo, akampa binti kwa mikono miwili huku ameinamisha kichwa. Binti akalipokea, akalitia ndani ya kitabu, akalia.

Kwa asiyetoka mlimani nieleze. Isale ni ule mmea wa majani marefu ambao sisi Wachagga tunaupanda kwenye mipaka ya vihamba, yaani mashamba yetu ya migomba, na penye makaburi. Mtu aliyekosa huchuma jani lake, hulifunga fundo na kumpelekea aliyemkosea. Aliyepelekewa isale hakatai. Awe na hasira kiasi gani, anasamehe, maana kukataa isale ni jambo ambalo mji mzima utalisimulia mpaka wajukuu zake.

Sasa niambieni, mtoto wa Kilema angeona nini pale? Sikufikiri hata kidogo. Nikapaza sauti: "Jamani! Amempa isale!"

Miluzi ilikatika. Wachagga waliwanong'oneza wenzao maana yake, na nikaona watu wanajisogeza mbele kwenye mabenchi. Nilifurahi kwa muda wa pumzi tatu hivi, kisha Mama Aika akauliza swali ambalo lilikuwa halikwepeki.

"Amekosa nini?"

Mtafsiri hasemi "sijui". Nikasema, "Ana mtoto kijiji cha pili."

"Aisee!" chumba kikaguna.

Kuanzia hapo filamu haikuwa yangu tena wala ya walioitengeneza. Kila mwanamke aliyekatiza na mtoto mgongoni, watu walipiga kelele, "Ndiye huyo!" Kijana alipoandika barua akiwa ndani ya handaki, nilisema anauliza kama mtoto ameota jino. Bomu lilipomlipukia na kumpofua macho yote mawili, dereva mmoja alisema, "Malipo hayo," na wengi wakakubali. Mwishoni kijana alirudi na fimbo ya kupapasia, binti akafungua kile kitabu palipo na jani, akaanza kumsomea, na filamu ikaisha hapo. Watu wakaniuliza mtoto yuko wapi. Nikasema wameamua kusahau yaliyopita. Walitoka wakibishana mpaka sokoni kama binti alifanya vyema kumsamehe, na Bi Mwanaidi alinipiga kofi la mgongoni la furaha ambalo nalisikia hadi leo.

Ijumaa mabenchi yalijaa mpaka watu wakakaa sakafuni. Mama Aika alileta dada zake wawili. Na mwisho wa benchi la tatu alikaa mzee mwenye koti na kofia, amepakata kitu kilichofungwa kwenye gazeti. Wengi walimfahamu. Alikuwa Mwalimu Elinami wa Machame, Mlutheri wa kweli kweli, aliyefundisha Kiingereza miaka mingi kabla ya kustaafu. Nusu ya wazazi wa waliokuwamo mle ndani walikuwa wamechapwa na yeye.

Nilipomtaja mtoto wa kijiji cha pili, Mwalimu alisimama. "Simamisha hiyo deki."

Nikasimamisha. Sauti ile ilikuwa haikataliki.

"Mwanangu, huyu kijana hana mtoto. Hajakosa kitu chochote. Jana sokoni nilisikia watu wakibishana juu ya jani, nikaitambua riwaya yake. Ninayo hapa, nimeisoma mara nne, na hayo wanayoyasema humo ndani ninayasikia. Umemsingizia."

"Sasa isale ya nini, Mwalimu?" aliuliza Mama Aika.

"Si isale! Ulaya kuna isale?"

"Kumbe tangu jana tunamlaani mtoto wa watu bure?"

Kijana mmoja wa nyuma akadakia, "Dada anatupiga fiksi!" Hapo ndipo pakaharibika. Mtu akiambiwa alichokililia ni uongo, anaona umemwibia kabisa. Walitoka mmoja mmoja, kisha wote, na Mama Aika alipita mbele yangu bila kuniangalia. Huyo ndiye aliyeniumiza. Nilibaki na kijana wangu kwenye televisheni, ametulia na jani lake mkononi, michirizi ya kanda ikimpita usoni.

Bi Mwanaidi hakunigombeza, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. "Mimi isale siijui, kitabu sikijui," alisema. "Ninachojua ni mabenchi. Kesho yakiwa matupu, Jumapili yule bwana anakuja na kufuli."

Nilipanda gari la Machame jioni ile ile, jua likiwa bado juu. Nilimkuta Mwalimu anamkatia ng'ombe majani ya migomba. Kihamba chake kilikuwa safi kama daftari la mtoto mwenye bidii, na mpakani isale zimepangwa mstari mmoja.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba. Umekuja kunifundisha kitabu changu?"

"Nimekuja kufundishwa."

Alinitazama, akaweka panga chini, akanipeleka jikoni. Alinipa maziwa ya mgando kwenye kibuyu na kiti ambacho niliona si cha wageni, kimekwisha upande mmoja kwa kukaliwa. Akafungua gazeti, akatoa riwaya, akanionyesha ukurasa. Sikuelewa vizuri. Akanisomea polepole akifafanua kila sentensi, na hapo nikaujua ukweli. Binti alikuwa anamsomea kijana hadithi ya wasafiri walionyeshewa na mvua. Wamebisha hodi nyumba sita, zote wamefukuzwa. Kwenye nyumba ya saba mlango unafunguliwa. Mzee anasimama mlangoni, anawatazama, anasema... Na pale pale gari la jeshi linapiga honi. Kijana anachuma jani ili liwekwe penye ukurasa ule, wasipotee, waje wamalizie akirudi. Ni alama ya kitabu tu.

"Ni hilo tu?" nikauliza.

"Ni hilo tu! Wewe ulitaka nini zaidi? Mtu anakwenda vitani, na kitu pekee anachoomba ni binti asimalizie bila yeye."

Akainuka, akachochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa. Kisha akaniambia jambo ambalo sidhani alikuwa amemwambia mtu.

Marehemu mkewe hakujua Kiingereza. Mwalimu alikuwa akimsomea riwaya hii pale pale jikoni, sentensi kwa sentensi, akiigeuza Kichagga, mama akimenya ndizi za mtori. Alikuwa mtafsiri kama mimi, na mtazamaji wake alikuwa mmoja. Walipofika kwenye jani, mama aliacha kumenya akasema, "Amempa isale. Amekosa nini?"

"Mwalimu!" nilisema.

"Na mimi nikamcheka," alisema. "Nikamwambia hajui kitu, hiki ni kitabu cha Wazungu, si mambo ya migombani. Nilimsahihisha kama mtoto wa darasa la tano. Akaniambia, basi, kitabu ni chako, soma mwenyewe. Nikafunga. Nilidhani tutaendelea wiki ijayo. Akaugua. Hakujua kamwe yule mzee mlangoni alisema nini."

Nilishika kibuyu kwa mikono miwili. Nilimwonea huruma mpaka nikasahau mitumba, kufuli na Jumapili. Baada ya muda nikamwomba anisomee kurasa zote zilizomo kwenye filamu, nami nikaandika Kiswahili chake kwenye mgongo wa kitabu cha tiketi mpaka tiketi zikaisha. Nilipoaga nikamwomba kitu kingine.

"Mwalimu, naomba nichume jani moja hapo mpakani."

"La nini?"

"Nimewakosea watu."

"Chuma," alisema.

Jumamosi asubuhi niliitazama kanda mara mbili, mapazia yamefungwa, tiketi zangu zilizoandikwa ziko mapajani. Saa nane mlango ulifunguliwa. Nusu ya mabenchi ilijaa, na wengi wao walikuja kuona kama nitathubutu. Mama Aika alikuwapo, amekunja mikono. Mwalimu alisimama mlangoni kama mtu anayepita njia.

Sikuwasha deki. Nilisimama mbele ya televisheni, nikatoa jani la isale, nikalifunga fundo mbele yao.

"Nimewakosea," nilisema bila kipaza sauti. "Niliwaambia nisichokijua, kwa sababu niliona haya kusema sijui. Naomba mnisamehe." Kisha nikawasha deki, nikaisogeza kanda mpaka kijana akatokea, nikaisimamisha, nikamgeukia na yeye. "Na wewe kaka, nimekusingizia mtoto. Nisamehe."

Mtu mmoja alikoroma kwa kucheka akijizuia, halafu chumba kizima kikalipuka.

"Haya, ni isale!" alisema Mama Aika, akifuta machozi ya kicheko. "Tutafanyaje sasa? Nani anapokea?"

Watu wote waligeuka kumtazama Mwalimu. Alitaka kukataa, nikamwona. Lakini yeye ndiye mzee mle ndani, na isale haikataliwi. Alivua kofia, akaja mbele, akalipokea jani kwa mikono miwili. Halafu akafungua riwaya yake, akalitia ndani, akafunga.

"Wamesamehe," alisema. "Sasa anza upya, na leo useme kilichomo."

Bi Mwanaidi alinivuta pembeni. "Hilo jani ndilo limefanya yote hayo?"

"Ndilo, Bi Mwanaidi."

"Niletee mche wake."

Nikaanza. Sikukimbia. Tulipofika mtoni niliwasomea yale ambayo siku mbili nilikuwa nimeyafunika kwa kelele zangu. Wasafiri wanalowa, nyumba ya kwanza, ya pili, mpaka ya sita. Niliona mabega ya watu yanashuka kwa kila mlango uliofungwa. "Mzee akafungua mlango wa saba, akawatazama, akasema..." Honi ikapigwa. Nikanyamaza kama binti alivyonyamaza.

"Alisema nini?" aliuliza Mama Aika.

"Bado," nilijibu. "Wameweka jani."

Vijana, nimetafsiri mamia ya filamu tangu siku ile. Sijawahi tena kuona watu wakiisubiri sentensi moja kwa saa nzima na zaidi. Mabomu yalipigwa, hawakujali mabomu, walitaka kijana arudi amalizie. Alipopofuka hakuna aliyesema malipo. Dereva wa juzi alishika kichwa. "Sasa hataweza kusoma!" alisema, na mwingine akamjibu kwa hasira, "Si anasomewa, wewe!" Watu walikuwa wanaingia taratibu kutoka nje, maana ukimya wa ukumbi wa video ni jambo la kushangaza kuliko kelele, na kabla ya mwisho hapakuwa na pa kuweka mguu.

Kisha kijana akaja na fimbo yake. Binti akamkalisha pale pale mtoni, akafungua kitabu palipo na jani lililokauka. Nilimtafuta Mwalimu kwa macho. Alikuwa amesimama ukutani, riwaya kifuani, na midomo yake ilikuwa inatamka kabla yangu.

"Mzee akawatazama, akasema, Ingieni, moto bado unawaka."

Mama Aika alikuwa wa kwanza kupiga makofi, kisha wote, wakagonga mabenchi kwa viganja mpaka vumbi la nguo za marehemu fundi likadondoka darini. "Rudisha!" walipiga kelele. "Rudisha kwa mzee!" Niliirudisha mara tatu. Mara ya tatu hawakuningoja, chumba kizima kilisema chenyewe, Wachagga, Wapare, watu wa Kahe, vijana wa fiksi, wote kwa sauti moja, "Ingieni, moto bado unawaka!" Nililia nikiwa nimeshika kipaza sauti, na pumzi iliingia ndani ikavuma, na sikujali.

Jumapili yule bwana wa mitumba alikuja na kufuli lake. Hakuweza kuufikia mlango. Foleni ilikuwa imezunguka mpaka kwa wauza dagaa, na kila aliyemuuliza kuna nini alimjibu, "Kuna mzee mlangoni." Akataka kujua mzee gani. Wakamwambia apange foleni. Alipanga. Alitoka amevimba macho, kufuli likiwa bado mfukoni, na Bi Mwanaidi alimpungia mkono kwa khanga kama anayefukuza kuku.

Omari pia alikuja, akasimama nyuma. Baadaye alinifuata. "Felista, uliiangalia kanda kabla?"

"Mara mbili."

Alitikisa kichwa kwa masikitiko makubwa. "Si haki," alisema. Halafu akanong'ona, "Nifundishe hicho Kiingereza." Nilimfundisha, na tulifanya kazi pamoja mpaka kanda zikaisha duniani na santuri za kung'aa zikaja. Ndiyo maana studio yenu ina sheria ile mliyodhani ni uzee wangu. Filamu yenye kitabu, kitabu kinatafutwa na kusomwa kwanza. Na kwenye ukuta kuna ile karatasi iliyoandikwa SIJUI kwa herufi kubwa, kusudi mkumbuke kwamba inaruhusiwa.

Ijumaa iliyofuata Mwalimu alikuja kabla ya onyesho. Alikuwa amevaa lile lile koti, na aliniletea ile riwaya niwe nayo. Nikaifungua kutafuta jani. Halikuwamo.

"Nimemaliza kumsomea," aliniambia. Alikwenda Jumapili baada ya ibada, akaketi kando ya kaburi la mkewe pale migombani, akaanzia walipoachia. Kwa Kichagga, sentensi kwa sentensi, mpaka kwa mzee mlangoni, mpaka mwisho.

"Na jani, Mwalimu?"

Alipangusa kofia yake iliyokuwa haina vumbi. "Nilimwachia. Nilikuwa nimemkosea." Akatazama televisheni yetu iliyozimwa, kisha nikamwona anacheka, cheko la mtu aliyeshindwa na aliyefurahi kushindwa.

"Kwa hiyo ilikuwa isale, Felista. Mke wangu alisema tangu mwanzo."